Mwembamba, mla samaki, LDL 6.8: mafuta yametoka wapi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 39, naishi Nyakato, Mwanza, na nauza samaki wa kukaanga Kirumba. Sina kitambi, sigara sivuti, pombe sinywi. Kaka yangu alianguka ghafla na kufariki akiwa na miaka 43, ndipo nikaenda kupima. Karatasi inasema kolesteroli yote 8.6, LDL 6.8, HDL 1.3, traigliseridi 1.1. Nikaambiwa niache samaki na mafuta, nirudi baada ya miezi sita. Baba naye alifariki ghafla akiwa na miaka 49. Nyumbani wanasema kuna mtu anawamaliza wanaume wa ukoo kwa uchawi, na macho yote yako kwa bibi yetu mzaa baba. Naomba kujua: mafuta haya yametoka wapi na mimi ni mwembamba? Niache samaki? Na nikianza dawa, ndiyo mpaka kufa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Pole kwa kuondokewa na kaka, na pole kwa kidonda cha baba ambacho naona bado kibichi. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisoma vipimo, mara ya pili nikasoma ile miaka, 49 na 43, na mara ya tatu nikakwama pale ulipomtaja bibi. Hapo nitarudi, maana kwangu ndipo penye uzito kuliko namba zote ulizoandika. Tuanze na mafuta.

Hayakutoka kwenye sahani yako. Wengi wetu tumezoea kwamba kolesteroli huingia kwa mdomo, kwa hiyo mtu mwembamba akipewa majibu kama yako hudhani maabara imechanganya chupa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kolesteroli tuliyonayo, robo tatu hivi, hutengenezwa na mwili wenyewe, na fundi mkuu ni ini. Tena tunaihitaji. Iko kwenye utando wa kila seli, na mwili huitumia kutengeneza nyongo na homoni za uzazi. Matatizo huanza pale inapokosa njia ya kurudi kwenye ini kwa wakati.

Wewe unaishi na ziwa, basi nieleze kwa lugha ya ziwa. LDL ni mtumbwi unaobeba kolesteroli ndani ya damu. Ini lina mialo yake, ambayo sisi tunaita vipokezi vya LDL. Mtumbwi ukifika mwaloni unavutwa ndani, mzigo unashushwa, na mwalo unarudi kusubiri mtumbwi mwingine. Kazi hiyo inafanyika usiku na mchana. Sasa kuna watu wanaozaliwa na mialo nusu tu ya ile waliyo nayo wenzao. Mitumbwi yao hukosa pa kutia nanga, huzunguka siku nyingi zaidi, na inavyozidi kuzunguka ndivyo inavyozidi kugonga miamba. Miamba yenyewe ni kuta za mishipa inayolisha moyo. Mafuta hupenya chini ya ngozi nyororo ya mshipa na kujikusanya kidogo kidogo, miaka ishirini, miaka thelathini, bila maumivu yoyote. Siku moja lile donge linapasuka, damu inaganda juu yake, mshipa unaziba. Aliyekuwa anacheka na wenzake saa tatu asubuhi, saa nne hayupo.

Waliogundua habari ya vipokezi hivi ni Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, wakifanya kazi Dallas, na mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel. Walianza kwa kuchunguza familia zilizokuwa zikizika vijana.

Hali hii ni kolesteroli ya juu ya kurithi. Kwenye faili madaktari huiandika kwa herufi mbili, FH. Kwa hesabu ya dunia, katika kila watu 300 hivi mmoja anayo. Wakikaa watu elfu tatu kwenye jukwaa la uwanja wa Kirumba, hesabu hiyo inakupa kama kumi, na wengi wao hawajui kwa sababu hakuna kinachouma.

Kwa nini nakushuku wewe? LDL ya mtu mzima ikifika 4.9 (kwa kipimo cha milimoli kwa lita, kama karatasi yako) tayari tunauliza habari za familia. Yako ni 6.8. Traigliseridi yako, ambayo ni aina nyingine ya mafuta ya damu, iko chini, na hilo linaniambia kwamba chanzo si unene, pombe wala wanga mwingi, maana vitu hivyo huanza kwa kupandisha traigliseridi. Kisha kuna baba na kaka. Sikumpima kaka yako, na ghafla huwa na sababu zaidi ya moja, lakini ukiweka pamoja namba yako na miaka yao, FH ndiyo ya kwanza kwenye orodha yangu.

Jichunguze leo usiku kabla ya kulala. Shika ile kano nene nyuma ya kisigino, kulia na kushoto. Je, imenenepa, au ina vinundu vigumu ambavyo umezoea kudhani ni vya kusimama siku nzima? Angalia kano zilizo juu ya vidole vya mkono ukikunja ngumi. Mtu akikutazama machoni kwenye mwanga, anaona duara jeupe au la kijivu kuzunguka ile sehemu nyeusi? Kwa mtu wa miaka themanini duara hilo ni la kawaida, kwa mtu wa miaka 39 silo. Ukikuta vinundu kisiginoni, mwambie daktari kabla hujakaa kwenye kiti, kwa kuwa pamoja na LDL ya 6.8 hicho kinatosha kuthibitisha. Kipimo cha jeni kipo duniani na ni kizuri, ila usisubiri hicho ndipo utibiwe. Tunatambua FH kwa namba, kwa historia ya ukoo na kwa mikono yetu.

Kuna mambo ya kuondoa kwanza. Tezi ya shingoni ikizembea hupandisha LDL vilevile, figo zinazovujisha protini nazo hupandisha, kisukari pia kina mchango wake. Ujauzito hupandisha mno, kwa hiyo kama ulipimwa ukiwa mjamzito au umetoka kujifungua, kipimo kirudiwe. Zipo pia baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi ya zile za kufubaza virusi, zinazogusa mafuta ya damu. Omba kipimo cha tezi, cha sukari na cha mkojo siku hiyohiyo. Hii ni kazi ya asubuhi moja, haihitaji miezi sita. Na hapa nasema wazi kwamba sikubaliani na ushauri uliopewa. Kumwambia mwenye LDL ya 6.8 mwenye misiba miwili ya namna hiyo aache samaki kisha arudi baada ya nusu mwaka ni kumwacha ziwani bila kasia.

Sasa bibi.

Umeandika kwamba wanaume wa ukoo wanaisha. Angalia jinsi urithi huu unavyokwenda. Kila jeni tunayo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Katika FH nakala moja ni mbovu na moja ni nzima, ndiyo maana mialo inabaki nusu. Mzazi mwenye hali hii humpa kila mtoto ama nakala nzima au ile mbovu, nusu kwa nusu, awe wa kiume au wa kike. Kwa hiyo wanawake wa ukoo wenu wanayo sawasawa na wanaume. Tofauti ni wakati. Bila matibabu, karibu nusu ya wanaume wenye FH hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 50. Kwa wanawake huchelewa kama miaka kumi, na kufikia miaka 60 huwa wamepatwa kama theluthi moja. Ukikaa nje ukatazama ukoo kwa macho tu, unaona wanaume wakianguka wakiwa na nguvu zao na akina mama wakibaki kuwazika. Ndipo watu wanaanza kumtazama aliyebaki muda mrefu kuliko wote, ambaye ni kikongwe, na pengine macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini.

Huku Usukumani tunajua mazungumzo ya namna hiyo yamewafikisha wapi bibi zetu. Nimekulia huku, najua minong'ono ya msibani inavyogeuka kuwa panga la usiku. Nakuomba, dada yangu, kabla hata hujameza kidonge cha kwanza, ichukue hiyo karatasi ya maabara uende nayo kwenye kikao cha ukoo. Waeleze habari ya mitumbwi na mialo. Waambie wewe, mwanamke uliye hai, unacho damuni kile kile ambacho huenda kilimchukua baba na kaka, na kwamba kinapimwa, kina jina na kina dawa. Kama kuna mganga wa zahanati, mchungaji, shehe au mzee anayesikilizwa, nenda naye. Na mkiona maneno yamekuwa makali, msingoje kikao, mwondoeni bibi hapo na mtoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji na polisi.

Jambo jingine kuhusu hilo. Msimtoe bibi kwenye lawama mkamwingiza babu, au upande wa baba wote. Nakala mbovu ya jeni hairithishwi kwa ubaya wa mtu. Imekuja kwa bahati ya kuzaliwa, kama wengine wanavyorithi urefu.

Kwenye dawa sitakuzungusha: ndiyo, ni ya maisha. Dawa zenyewe ni za kundi la statini, na hapa kwetu utakutana zaidi na atovastatini au rosuvastatini. Chanzo chake ni Mjapani, Akira Endo, aliyepekua maelfu ya ukungu na kuvu mpaka mwaka 1973 akapata dutu inayozuia ini kutengeneza kolesteroli. Namna inavyofanya kazi inanifurahisha kila nikiieleza. Ini likipunguziwa uwezo wa kutengeneza kolesteroli yake, linashikwa na njaa ya kolesteroli, na ili liipate linafungua mialo mipya kutokana na ile nakala nzima uliyo nayo. Yaani dawa hailetei mwili mialo ya kigeni, inaliamsha ini litumie kile ulichozaliwa nacho. Dozi kubwa hushusha LDL kwa nusu hivi. Lakini nusu ya 6.8 ni 3.4, na kwa mtu mwenye FH tunataka chini ya 1.8, kwa hiyo usishangae ukiongezewa dawa ya pili inayoitwa ezetimibu, ambayo huzuia kolesteroli isinyonywe tumboni na kushusha kama sehemu moja ya tano ya kile kilichobaki.

Wapo wanaopata maumivu ya misuli. Ukiyapata, rudi kwa daktari abadilishe dozi au aina. Usiache kimyakimya, maana LDL hurudi juu ndani ya wiki chache. Usinywe juisi ya balungi pamoja na atovastatini. Na hili ulishike sana kwa kuwa una miaka 39: ukitaka kubeba mimba, au ukigundua imeingia, mwone daktari mara moja, kwani kwa kawaida statini husimamishwa wakati huo. Kitunguu saumu, tangawizi na limao ni viungo vizuri vya chakula, ila hakuna hata kimoja kinachosafisha mishipa ya mtu mwenye nusu ya mialo. Pesa ya chupa za "kusafisha damu" nunulia vidonge.

Kama unajiuliza kama kweli kushusha LDL kunaokoa watu, jibu lililonishawishi kuliko yote limetoka kwa watu weusi. Kuna protini iitwayo PCSK9 ambayo kazi yake ni kuvunja mialo ya ini. Mwaka 2003 watafiti nchini Ufaransa walikuta familia ambazo protini hii imezidi nguvu, na LDL zao zilikuwa juu kama yako. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani wakatoa habari iliyo kinyume chake: kati ya Wamarekani weusi waliowafuatilia, asilimia 2.6 walizaliwa na jeni ya PCSK9 iliyozimika. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tangu utotoni, na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Mmojawapo wa mibadiliko hiyo ulikutwa pia Zimbabwe. Asilimia 28 inaonekana ndogo, lakini ilidumu maisha yote, na hapo ndipo faida ilipo: kinachoumiza mshipa ni ukubwa wa LDL ukizidishwa kwa miaka. Kutokana na ugunduzi huo zilitengenezwa sindano za kuzima PCSK9, zilizoanza kutumika mwaka 2015. Bei yake bado iko mbali na mifuko yetu.

Samaki usiache. Sato, sangara, dagaa wa Mwanza, furu, kambare, wote kula. Kilichobaki ni mafuta unayowakaangia, na wewe unajua kuliko mimi yale mafuta ya karai yanakaa siku ngapi. Mafuta ya mawese yanayoganda, karibu nusu yake ni ya aina inayopandisha LDL; samli ni zaidi ya hapo; ya pamba, ambayo sisi wa kanda hii tumelelewa nayo, ni kama robo; ya alizeti ni kama sehemu moja ya kumi. Wewe na wanao, samaki wa nyumbani mchemsheni kwa nyanya na ndimu, au mpakeni viungo mumbanike. Mapanki ya kukaanga, pamoja na yale mafuta yaliyogandia kichwani, yawe ya nadra. Ngozi ya kuku na nyama yenye mafuta nazo ni hivyohivyo.

Kuna mboga nataka uzirudishe mezani kwa heshima zake: mlenda na bamia. Ule utelezi ni nyuzinyuzi laini ambazo tumboni hushika nyongo na kutoka nayo. Ini likipoteza nyongo linalazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli, kwa hiyo linavuta LDL zaidi kutoka kwenye damu. Maharage, choroko na dengu hufanya kazi hiyohiyo. Matobolwa na karanga, kama tulivyokula utotoni, ni kifungua kinywa bora kuliko chapati na maandazi ya mafuta. Na kama unapenda kahawa ile ya Bukoba inayochemshwa na unga wake kwenye birika, jua kwamba kahawa isiyochujwa hupandisha LDL kidogo. Ikipitishwa kwenye karatasi ya kuchujia, kinachopandisha hubaki kwenye karatasi.

Nisikudanganye kuhusu kiasi. Chakula kizuri hushusha LDL kama asilimia 10 hadi 15. Kutoka 6.8 unafika 6 hivi. Hiyo ndiyo sababu nakuhimiza dawa. Na kupanda vile vilima vya Mabatini kila siku hakutakushushia LDL kwa maana, ingawa kunakushushia presha, kunakukinga na kisukari na kuupa moyo nguvu. Utafiti uliotolewa mwaka 2016, wa watu zaidi ya elfu hamsini na tano, uliwatazama wenye jeni mbaya kuliko wote kuhusu moyo. Waliokuwa hawavuti sigara, hawana unene, wanafanya mazoezi na wanakula vizuri, angalau matatu kati ya hayo manne, walipatwa na matatizo ya moyo kwa asilimia 46 pungufu ya wenzao wa jeni zilezile walioishi ovyo. Jeni haikubadilika, mzigo juu yake ulipungua. Wewe tayari una kadhaa, na nadhani ndiyo sehemu ya sababu unaniandikia.

Kuna kimoja hukukitaja: moshi. Asubuhi mpaka jioni uko juu ya karai na kuni. Chembe za moshi zikivutwa huumiza mishipa ya damu, kwa njia inayofanana na ile ya sigara. Sogeza jiko mahali penye upepo wa ziwa, simama upande upepo unakotoka, na ukiweza hamia gesi japo nyumbani.

Najua mtu atakuambia, mbona Wamasai wanakunywa maziwa na kula nyama na hawafi na moyo. Aliyewapima ni George Mann na wenzake, wakachapisha matokeo mwaka 1964: kweli kolesteroli yao ilikuwa chini. Baadaye, mwaka 1972, walieleza uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki, na mishipa ilikuwa na mafuta kama ya Wamarekani wazee, ila ilikuwa mipana, pengine kwa mwendo wao wa kutwa nzima, ndiyo maana haikuziba. Usile samli kwa kumtegemea Mmasai anayetembea kilomita ambazo wewe hutembei, mwenye ini ambalo si lako.

Presha nayo pima. Ukipatwa na mkazo kifuani unaoelekea mkono wa kushoto au taya, jasho baridi, au pumzi kukata ukipanda ngazi ulizozizoea, usilale nayo kusubiri kukuche.

Omba rufaa uende kliniki ya moyo. Kwetu hapa ni Bugando, na wakiona inafaa watakupeleka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Nenda na majina na miaka ya ndugu wote wa baba yako, walio hai na waliotangulia. Uliza pia kama wanaweza kukupimia lipoprotini inayoitwa Lp(a), mtumbwi wa aina nyingine unaobeba kolesteroli. Hiyo karibu yote ni ya kurithi, kwa Waafrika huwa juu zaidi, na hupimwa mara moja tu maishani.

Kisha watoto. Wako watatu, na wa kaka yako, ambao sasa hawana baba wa kuwaambia hili. Kila mmoja ana nafasi ya nusu kwa nusu, kwa wa kaka yako ikiwa naye alikuwa nayo. Wapimwe kuanzia miaka mitano, na wasifikishe kumi bila kupimwa. Atakayekutwa nayo, daktari huweza kuanza statini akiwa na miaka minane hadi kumi, na akianza mapema hivyo mishipa yake bado iko safi. Ni kipimo cha kawaida cha damu ya mkononi, tena kwa kipimo cha kwanza wanaweza kunywa uji wao asubuhi, hawana haja ya kufunga. Waambie hivyo mapema, maana watoto huogopa njaa kuliko sindano.